Shangazi, dawa ya tezi na dawa ya sonona zinagombana mwilini mwangu?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Njombe, nina miaka 37, nimeolewa na nina mtoto mmoja wa kiume, yuko darasa la pili. Miaka minne iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa rovu. Tezi ilitolewa yote, na tangu hapo nameza levothairoksini ya mikrogramu 100 kila siku. Niliambiwa ni dawa ya maisha, nikakubali, na mwanzoni nilikuwa mzima kabisa.

Mwaka jana baada ya Pasaka nikaanza kuishiwa hamu ya kila kitu. Nasahihisha madaftari ya watoto, nikifika la kumi sikumbuki la kwanza nilimpa nani ngapi. Nalia jikoni na hakuna aliyenigusa. Nikaenda hospitali nyingine, mbali kidogo na watu wanaonijua, daktari akasema ni sonona, akanianzishia setralini ya miligramu 50. Nilipata nafuu, hata kwaya nikarudi. Lakini miezi ya karibuni nimerudi kulekule. Usiku usingizi wa mang'amung'amu, mchana nasinzia ofisini. Baridi ya huku nimezaliwa nayo, lakini sasa nafundisha na makoti mawili. Nywele zinakatika, nimenenepa, choo kigumu, na hedhi inatoka nyingi hadi nimeambiwa damu imepungua.

Wifi yangu anasema dawa mbili zinagombana mwilini, niache hiyo ya kichwa, maana wanaozianza ndio wanaoishia Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Mwenzangu wa kwaya yeye aliona kwenye simu kwamba Marekani sonona wanaitibu kwa dawa ya tezi, kwa hiyo siku nikichoka sana nimeze viwili. Nimefanya hivyo mara kadhaa. Nguvu nilipata, lakini usiku moyo ukawa unakwenda mbio, na nikagombana na baba watoto kwa sababu ya ufunguo wa stoo tu. Mama mkwe naye anasisitiza nizidishe chumvi yenye madini joto.

Vidonge vyangu navimeza vyote alfajiri kwa pamoja nisije nikasahau: cha tezi, setralini, cha kuongeza damu, cha kalsiamu nilichopewa tangu upasuaji, na cha nywele alichoniuzia msusi wangu. Nashushia na chai ya maziwa, nakimbilia shule. Kipimo cha tezi mara ya mwisho nilipima kabla sijaanza setralini. Hospitali hizo mbili hazijuani. Nina daftari la shingo na daftari la kichwa, na hili la pili nalificha chini ya vitenge.

Kuna asubuhi natamani nisingeamka. Sijapanga kufanya lolote, Shangazi, lakini nimeona nisikufiche.

Na mume wangu anataka tutafute mtoto wa pili. Niache dawa ipi?

Mwalimu aliyechoka

*

Marahaba mwanangu, na ahsante kwa kutonificha.

Naanzia hapo ulipomalizia. Kutamani usiamke ni dalili ya ugonjwa, kama ilivyo baridi yako na nywele zako, na daktari wa sonona anatakiwa kuisikia kwa mdomo wako wiki hii, si tarehe ya kliniki ijayo. Mwambie mumeo pia, kwa maneno yaleyale uliyoniandikia mimi. Siku mawazo hayo yakigeuka kuwa ya namna ya kufanya, usilale nayo hata usiku mmoja. Nenda hospitali ya wilaya saa hiyohiyo, na mtu wa kukusindikiza. Mimi nimekaa dirisha la dawa miaka mingi, si daktari, na hilo siwezi kulitibu kwa barua.

Sasa swali lako. Hakuna ya kuacha. Wewe huna tezi, hivyo homoni yote uliyo nayo mwilini inatoka kwenye kile kidonge kidogo. Ukikiacha, hutaona kitu siku ya kwanza wala ya tatu, kwa sababu levothairoksini huchukua kama siku saba kupungua nusu katika damu. Ndiyo maana watu wengi hudhani hawaihitaji. Baada ya wiki kadhaa mwili unazimika polepole, na mtu anaweza kufika mahali pa hatari kabisa. Setralini yenyewe hutoka haraka, ndani ya siku chache tu. Ukiikata ghafla unaweza kupata kizunguzungu, hasira, ndoto za ajabu na mishtuko kichwani kama ya umeme, halafu wifi yako atasema, si unaona, dawa zile!

Kilichonifanya niisome barua yako mara mbili ni kile kikombe cha chai ya maziwa.

Levothairoksini haipendi kampani. Ikikutana tumboni na madini ya chuma yaliyo kwenye kidonge cha kuongeza damu, vinanasana, na sehemu kubwa inapita kwenda chooni bila kuingia kwenye damu. Kalsiamu inafanya hivyohivyo, na maziwa yana kalsiamu. Chakula chenyewe kinapunguza. Dawa za kiungulia za kutafuna nazo zimo, na omeprazoli ya vidonda vya tumbo vilevile, kwa kuwa kidonge hiki kinahitaji tindikali ya tumbo ili kiyeyuke vizuri. Kwa hiyo unameza mikrogramu 100, lakini mwili wako unapokea ngapi, hakuna ajuaye.

Tazama na mzunguko wenyewe. Homoni ya tezi ikipungua, hedhi huwa nzito. Hedhi ikiwa nzito, damu inapungua. Damu ikipungua, unapewa vidonge vya chuma. Ukivimeza pamoja na cha tezi, homoni inapungua zaidi, na mwezi ujao hedhi inakuja nzito kuliko ya jana. Kila aliyekupa dawa alikuwa na sababu nzuri. Kosa ni kwamba hakuna aliyekuuliza unavimeza saa ngapi na kwa kinywaji gani, nami nawajua wenzangu wa dirishani: foleni ikiwa ndefu tunaandika "1x1" kwenye bahasha na kuita anayefuata.

Panga hivi. Cha tezi peke yake, saa 11 alfajiri ukiamka, kwa maji matupu, glasi nzima. Chai na chakula visubiri nusu saa, ikiwezekana saa nzima. Setralini haina ugomvi na chakula, imeze na chai yako hiyo ya asubuhi. Kalsiamu iende na chakula cha mchana shuleni. Usiiache kwa uamuzi wako, maana kuna waliotolewa tezi ambao vile vitezi vidogo vya jirani vinavyotunza kalsiamu viliguswa, na kwao ni dawa ya lazima. Cha damu umeze jioni na chungwa, mbali na chai, kwa sababu chai nayo inakizuia. Unachotafuta ni angalau saa nne kati ya kidonge cha tezi na chuma au kalsiamu. Kama alfajiri ni vurugu nyumbani kwako, wapo wanaokimeza cha tezi wakati wa kulala, saa tatu au zaidi baada ya kula, na kinafanya kazi vizuri tu, ila hapo cha damu kitabidi kirudi mchana. Chagua muda mmoja ushikamane nao. Kidonge chenyewe kikae kwenye pakiti yake, pasipo joto wala jua, si dirishani juu ya jiko.

Lakini kabla hujabadilisha chochote, nenda kapime. Nataka daktari aone hali ilivyo sasa, na chai yako na vidonge vyako vyote, ndipo ajue pa kuanzia. Omba TSH na T4 huru, yaani homoni yenyewe ya tezi iliyomo kwenye damu. TSH ni ujumbe ambao ubongo unautuma kuidai homoni. Ikiwa juu, mwili unalalamika kwamba haitoshi. Ikiwa chini mno, umezidishiwa. Maabara nyingi huweka kiwango cha kawaida kati ya 0.4 na 4 hivi, lakini tazama kile kilichoandikwa kwenye karatasi ya maabara yako. Siku hiyo kidonge cha tezi ukimeze baada ya kutolewa damu.

Na kile cha msusi? Vidonge vingi vya nywele na kucha vina biotini nyingi sana. Kwa mashine nyingi za maabara, biotini inachafua kipimo: TSH inasomeka chini na T4 inasomeka juu, kana kwamba umezidisha dawa, wakati hali yako ni kinyume chake kabisa. Daktari asiyejua atakupunguzia dozi, nawe utazidi kudidimia. Kiache siku tatu au zaidi kabla ya kupima, na umtajie daktari. Mimi ningekiacha moja kwa moja. Nywele zinazokatika kwa ajili ya tezi hurudishwa na dawa ya tezi, na hela ya msusi ingenunua mayai.

Majibu yakitoka, dozi anapanga daktari. Kwa mtu aliyetolewa tezi yote, hesabu ya kawaida ya kuanzia ni kama mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwenye kilo 62 anaangukia 100 hivi, mwenye kilo 78 anakaribia 125. Wewe umesema umenenepa. Lakini asikuongezee leo kabla hujamweleza habari za chai, kwa kuwa ukirekebisha saa za kumeza tu, dozi ileile ya zamani inaweza kuingia mwilini kwa nguvu usiyoizoea. Kipimo kirudiwe baada ya wiki sita hadi nane. Kabla ya hapo TSH huwa haijatulia, na ukipima baada ya wiki mbili utakuwa umelipia karatasi tu.

Je, setralini na dawa ya tezi zinagombana? Wifi yako hajakosa kila kitu. Zinagusana, ila si kwa namna anayoidhani. Tangu miaka ya 1990 madaktari wameripoti kwamba baadhi ya wanaotegemea levothairoksini wakianza setralini, TSH yao hupanda, yaani wanahitaji dawa ya tezi zaidi kuliko mwanzo. Jambo hilo limo hata kwenye maelezo rasmi ya levothairoksini. Si kwa kila mtu, na tiba yake si kuacha setralini bali kupima na kurekebisha dozi. Wewe ulipima kabla ya kuianza, basi, hukurudia tena. Kuna na upande wa pili: homoni ya tezi ikiwa chini, dawa ya sonona hufanya kazi kwa kusuasua. Yawezekana nafuu uliyoipata mwanzoni ilikuwa ya kweli, halafu tezi ikaivuta chini. Nisingependa useme basi sonona ilikuwa uongo na yote ni tezi. Wako watu ambao TSH yao imenyooka na huzuni bado wanayo, na hao wanahitaji dawa ya sonona na mazungumzo na mshauri kama mgonjwa mwingine yeyote.

Msomaji mwingine asije akabeba jibu lako likamdhuru, kwa hiyo niongeze: dawa za sonona hazifanani. Amitriptilini, ile inayotolewa sana kwenye hospitali zetu, ikikutana na dawa ya tezi zinaweza kuzidishiana nguvu, na moyo ukaanza kupiga ovyo, hasa kwa mzee au mwenye shida ya moyo. Lithiamu inaipunguza kasi tezi yenyewe, hivyo anayeitumia hupimwa tezi mara kwa mara. Kabamazepini, ya kifafa na ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka, huharakisha homoni kumalizika mwilini. Ukibadilishiwa dawa siku yoyote, uliza hapohapo: hii na ya tezi zinakwendaje?

Sasa mwenzako wa kwaya. Alichokiona kwenye simu kina ukweli ndani yake, ila amekisoma nusu. Kuna homoni nyingine ya tezi, T3, ambayo madaktari wa akili huiongeza juu ya dawa ya sonona pale dawa zinaposhindwa. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2006, watu ambao walikuwa wamekwisha kujaribu tiba mbili bila kupona waliongezewa ama T3 ama lithiamu. Karibu robo ya waliopewa T3 walipona, na kama 16 kati ya kila 100 kwa lithiamu, tofauti ambayo watafiti wenyewe walisema haitoshi kutangaza mshindi. Hao walikuwa wakifuatiliwa na madaktari, kwa dozi iliyopimwa, na kwa dawa ambayo si hii unayomeza wewe. Hakuna popote waliposema mtu ajizidishie levothairoksini siku akichoka.

Tena ile nguvu uliyoisikia siku hiyohiyo, sidhani kama ilitoka kwenye kidonge cha pili. Levothairoksini haina haraka hiyo. Ukirudia mara kwa mara ndipo inajikusanya, na hapo unapata moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, jasho, kukosa usingizi, na hasira za ufunguo wa stoo. Ikiendelea hivyo kwa muda mrefu, moyo unaweza kupoteza mpangilio wake na mifupa ikadhoofika. Lakini moyo wako nisiusingizie kidonge peke yake, maana damu ikipungua nao hukimbia. Mwambie daktari apime mapigo na wingi wa damu siku hiyohiyo.

Mama mkwe umjibu kwa adabu. Chumvi yenye madini joto imeisaidia sana mikoa yetu ya nyanda za juu, ambako udongo hauna madini hayo ya kutosha na rovu zilikuwa shingoni kwa watu wengi. Lakini madini joto ni malighafi ya tezi, na tezi wewe huna tena. Kula chumvi ya kawaida ya nyumba. Kuzidisha kutakupandishia presha tu.

Na hilo la Mirembe linanichosha, kusema kweli. Mirembe ni hospitali, watu wanaingia wanatibiwa wanatoka. Mwaka 1949 daktari Mwingereza, Richard Asher, aliandika juu ya wagonjwa 14 waliochanganyikiwa akili, wengine hospitali za vichaa, kumbe tezi zao zilikuwa zimelala. Wengi wao walipopewa dawa ya tezi walirudiwa na akili zao. Shingo na kichwa vimeshikana, mwanangu, ndiyo maana yale madaftari mawili hayakusaidii. Daktari wa sonona hajui kwamba huna tezi, daktari wa tezi hajui kwamba unameza setralini, na wewe peke yako ndiye unayejua yote mawili. Yatoe chini ya vitenge, yabebe yote mawili kila unakokwenda. Beba na pakiti za vidonge vyote, hata cha msusi, uvimwage mezani mbele ya daktari. Kama kusema kunakuwia vigumu, mpe barua hii uliyoniandikia. Umeeleza vizuri kuliko wagonjwa wengi niliowahi kuwahudumia.

Mtoto wa pili atapatikana, ila si mwezi huu. Mumeo asubiri hadi TSH ikae sawa. Madaktari wengi wanapenda iwe chini ya 2.5 kabla ya mimba. Usiache setralini kwa hofu ya mimba. Hilo ni la kukaa na daktari mapema na kupima faida na hasara, na wanawake wengi huendelea nayo. La kushika zaidi ni hili: mimba ikiingia, hitaji la levothairoksini linapanda ndani ya wiki chache za mwanzo, mara nyingi kwa robo au zaidi, na katika miezi mitatu ya kwanza mtoto anategemea homoni ya mama yake peke yake. Wanawake wengi huku kwetu huanza kliniki mimba ikiwa na miezi minne au mitano. Wewe usingoje. Mwulize daktari sasa hivi, kabla hujashika mimba, siku ukikosa hedhi uongeze vidonge vingapi kwa wiki ukiwa njiani kwenda kupima, na akuandikie kwenye daftari. Kliniki watakupa FEFO, vidonge vya kuongeza damu vya wajawazito, nazo zina chuma ndani yake, kwa hiyo zitakuwa za jioni, na chungwa lako.